Juu ya Maneno ya Kiingereza "Take In"

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maneno machache juu ya jambo lo lote la Kiingereza litakalowafaa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na wazazi pia ambao hupenda kulisoma gazeti hili watoto wanapolileta nyumbani wakati wa likizo. Nilikuwa na mambo mengi ya kuchagua. Nimechagua maneno mawili tu, "take in", kwa sababu muhula uliopita maneno hayo yalinitia aibu mbele ya mwanafunzi wangu, nami nimeona ni vema niieleze aibu hiyo mwenyewe kabla wengine hawajaieleza kwa niaba yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya Kiingereza juu ya mtu aliyewahi kuisaidia jamaa yao. Insha tatu zitakazoshinda zilikuwa zisomwe mbele ya watu siku ya wazazi. Nikakusanya madaftari, nikayapeleka nyumbani, na usiku nikaanza kuyasahihisha. Ulikuwa mwezi wa Juni, na wanaoijua Kasulu wanaijua baridi ya Juni. Mtu husahihisha upesi apate kwenda kulala. Nikafika kwenye daftari la kijana mmoja mtulivu ambaye kwao ni upande wa Kibondo. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "In 1993 my father was taken in by an old man of Kibondo, and he has never forgotten it."

Nikaisoma mara moja. Nikaelewa ya kuwa mwaka 1993 baba yake alidanganywa na mzee mmoja wa Kibondo, na hata leo hajasahau. Nikatwaa kalamu nyekundu nikaandika pembeni kwamba aeleze, huyo mzee alimdanganya nini? Nikaendelea. Nilipoona mzee anampa mtoto uji na mahali pa kulala, nikadhani hizo ndizo hila zake, na ya kuwa udanganyifu wenyewe unakuja mbele. Haukuja. Basi nikaandika chini ya kwamba insha haikuisha, tena imetoka nje ya swali, maana niliuliza juu ya msaada, si juu ya ulaghai. Nikampa alama chache, nikazima taa.

Kesho yake, baada ya kurudisha madaftari, kijana alinifuata ofisini. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mwalimu, babu hakumdanganya baba."

Nikamwuliza, "Babu yupi?"

"Huyo mzee. Sisi nyumbani tunamwita babu."

Hapo ndipo nilipoisoma insha tena, polepole, kama nilivyopaswa kuisoma tangu mwanzo. Tarehe 21 Oktoba, 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na vita vikaenea katika nchi ile. Watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuja upande wetu, wakaingia Ngara, Kibondo na Kasulu, wengine wakiwa hawana kitu ila nguo walizovaa. Baba yake kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 8, naye alipoteana na watu wake njiani. Mzee wa Kibondo akamwingiza nyumbani mwake, akakaa humo mpaka akakua. Na mzee mwenyewe, ambaye sasa ni mkongwe, alikuwa amealikwa siku ya wazazi, naye angekaa mstari wa mbele.

Fikirini basi. Kama sentensi ile ingalisomwa kama ilivyo mbele ya mkutano, nusu ya wanaojua Kiingereza wangalisikia habari ya mtu mwema, na nusu wangalisikia habari ya tapeli, naye ameketi pale pale mbele yao akitabasamu bila kujua lililosemwa juu yake.

Nataka wanafunzi wafahamu ya kuwa kijana hakukosea. Alikuwa ametazama kamusi, akaona ya kuwa "take in" ni kumpokea mtu nyumbani, akaitumia sawasawa. Nami sikukosea katika maana niliyoijua, kwa kuwa "to be taken in" ni kudanganywa, na Waingereza huisema hivyo kila siku. Kosa langu lilikuwa kushika maana moja na kuifunga mlango ile nyingine. Kwa hiyo nimeona haifai kumwachia kijana alama zile, nikazibadili. Lakini maneno yenyewe yanataka maelezo.

Mtoto wa huku kwetu mara nyingi huanza na Kiha nyumbani, akakikuta Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaingia sekondari akakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Anapofika huko anajua ya kuwa "take" ni kuchukua na "in" ni ndani. Akiyakuta pamoja anadhani ni "kuchukua ndani", nayo haina maana. Asijilaumu. Dakta Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mjini London mwaka 1755, alikiri katika dibaji ya kuwa vitenzi vya namna hii, vinavyogeuzwa maana na neno dogo linalofuata, ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kupita yote. Jina linalotumika siku hizi katika vitabu vya sarufi, "phrasal verbs", lilienea baada ya kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, lakini vitenzi vyenyewe ni vya zamani sana na vilikuwa vikiwasumbua watu kabla havijapewa jina.

Sisi nasi tunawasumbua wageni kwa njia yetu. Kiswahili hakiweki neno dogo nyuma ya kitenzi. Kinakigeuza kitenzi mkia. Chukueni kitenzi hicho hicho cha kuchukua. Tunasema "chukua", kisha "chukulia", kisha "chukuliana". Mzee akiwaambia bwana na bibi arusi, "Mchukuliane," hawaambii wabebane mgongoni. Anawaambia wavumiliane. Mwingereza aliyejifunza "chukua" peke yake atakaa pale arusini akishangaa. Basi kazi inayofanywa na mkia katika Kiswahili hufanywa na neno dogo katika Kiingereza: "in", "out", "up", "down", "off", "over", na mengine kama hayo. "Take off" ni kuvua nguo, au ndege kuruka. "Take after" ni kufanana na mzazi wako. "Take over" ni kushika kazi iliyokuwa ya mwingine. Si kazi yangu leo kuvieleza vyote, na wala simshauri mtu kuandika orodha ya vitenzi mia akavikariri usiku kabla ya mtihani. Nimewaona waliofanya hivyo, na asubuhi vimechanganyika kama punje za maharage na mahindi katika gunia moja.

Njia ninayoitumia mimi ni hii. Kila ninapokutana na "take in", najiuliza: ni kitu gani kilichoingia, nacho kimeingia ndani ya nini? Nikipata jibu la maswali hayo mawili, maana huwa imejitokeza.

Tuanze na ile ya kijana wetu. Kilichoingia ni mtu, na alimoingia ni nyumba. "The old man took in a child." Mzee alimpokea mtoto, akamweka kwake. Lakini angalieni, si kila kupokea ni "take in". Ukienda stendi kumpokea shangazi yako aliyetoka Kigoma mjini, usiseme ya kuwa umem-"take in". Shangazi ana kwake, amekuja kutembea tu. Wala barua na zawadi hazipokewi kwa maneno hayo. "Take in" ni kwa yule ambaye, usipomfungulia, hana pa kulala. Ndiyo maana maneno haya yana uzito kidogo, nayo hutumika kwa mayatima, kwa wasafiri waliokutwa na usiku, na kwa wakimbizi. Hutumika hata kwa nchi nzima, kwa sababu nchi nayo ni kama nyumba yenye mlango: "Tanzania took in many people from Burundi."

Tena sijui kama kuna mahali pengine katika Tanzania ambapo maneno haya yangefaa kujulikana kuliko hapa kwetu. Mwaka 1972 watu walivuka kutoka Burundi, na wengi wakapelekwa kukaa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa waliowatendea wema wakimbizi. Mwaka 1993 ukaja ule msiba niliokwisha kuutaja. Mwaka 1996 vita vilipowaka katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu kwa ajili ya watu wa huko. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena kwa wingi, Nyarugusu ikafurika, na kambi ya Nduta katika wilaya ya Kibondo ikafunguliwa upya. Mtu akitaka kuieleza kwa Kiingereza historia ya wilaya zetu hizi mbili hawezi kufika mbali pasipo "take in". Na akilitumia vibaya, atakuwa amesema ya kuwa tulidanganywa. Wapo watakaosema kwa utani ya kuwa yote mawili yalitokea. Hao nawaachia walimu wa historia.

Maana ya pili: kilichoingia ni habari au mafundisho, nayo yameingia akilini. Hii ni rahisi kwetu, kwa maana Kiswahili kina picha hiyo hiyo. Tunasema, "Somo halikuniingia." Mwingereza anasema, "I could not take it in." Hutumika sana kwa kukanusha, na hasa kwa habari nzito. Mama akiletewa habari ya msiba, akakaa kimya akitazama ukuta, Mwingereza husema, "She could not take in the news." Alisikia kila neno, ila habari ilikuwa bado imesimama nje. Lakini msiseme "I take in English" mkikusudia kwamba mnafahamu Kiingereza. Lugha hufahamika, kinachokuwa "taken in" ni lile linalosemwa au kuonekana mbele yako wakati huo. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja aliandika katika jaribio ya kuwa yeye hu-"take in" hesabu vizuri sana. Alama za hesabu zake nilizijua, na maneno yenyewe hayakuwa mahali pake pia.

Maana ya tatu inawahusu wazazi na mafundi cherehani. Mzazi mwenye busara akimnunulia mtoto wa kidato cha kwanza sketi au suruali ya shule, hununua kubwa, ili ifike kidato cha tatu. Mtoto akiivaa inamwanguka. Basi huipeleka kwa fundi, naye huibana kiunoni, kitambaa kinachozidi akakiingiza ndani ya mshono. Huko kuingiza ndiko "take in": "The tailor took in the skirt." Miaka miwili baadaye fundi hufumua mshono, kile kitambaa kikatoka, na hapo husema "let out". Urefu una maneno yake mengine, na yeye aliyekunja upindo amefanya "take up". Mkitaka kukumbuka, tazameni kiuno cha sketi kwa upande wa ndani. Mtaikuta "in" imeshonwa pale.

Karibu na hiyo iko nyingine ambayo napenda kuitaja kwa sababu hapa Kiswahili kinakishinda Kiingereza. Wakati wa mavuno kila ua huku kwetu una maharage au muhogo ulioanikwa. Wingu likitanda juu ya vilima, mama hupiga kelele: "Anueni!" Neno moja tu, na watoto wote wanakimbia. Kuanika na kuanua. Warundi, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiha, nao wana "kwanika" na "kwanura". Mwingereza hana neno moja la kuanua. Hana budi kusema "take in the beans" au "bring in the beans", kisha aeleze ya kuwa zilikuwa juani. Nguo zilizo kambani nazo ni hivyo hivyo: "Take in the washing, it is going to rain." Lakini mkisikia ya kuwa mama fulani "takes in washing", msidhani ya kuwa anaanua nguo kila siku. Maana yake huwafulia watu nguo kwa malipo nyumbani kwake. Nguo za watu zinaingia nyumbani mwake, zinatoka zikiwa safi.

Zipo nyingine ndogo ndogo. Mtumbwi unaovuja "takes in water". Safari inayopitia mahali kadhaa "takes in" mahali hapo. Shule inapochukua wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza, maneno hugeuzwa kichwa chini yakawa jina, "intake", nanyi mmekwisha kulisikia. Nazipita hizo.

Sasa nafika kwenye ile iliyonikwaza. Kudanganywa kunaingiaje hapa? Katika kudanganywa anayeingia ni wewe mwenyewe, nawe umeingia ndani ya mtego wa mwenzako. Vijana wa siku hizi wana msemo, nami siusifu sana, lakini hapa unanisaidia: mtu akitapeliwa husema ya kuwa "ameingizwa mjini". Tazameni jinsi ulivyo! Ni kuingiza, tena katika hali ya kutendwa, kama vile Mwingereza anavyosema "he was taken in". Watu wawili walio mbali, hawakushauriana, wamefika kwenye picha moja.

Wazazi wanaijua habari hii bila Kiingereza. Ujumbe unaingia katika simu: mtoto wako ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma fedha upesi kwa namba hii. Mzazi anatetemeka, anatuma. Baadaye anampigia mwalimu na kuambiwa mtoto yuko darasani, anaandika. "The parent was taken in by the message." Naomba wazazi mpige simu shuleni kwanza kabla ya kutuma kitu, hata kama anayeandika anamtaja mtoto kwa jina lake.

Sasa tuyapambanue. Ile ya kudanganywa hupenda sana hali ya kutendwa, na baada ya "by" huja tapeli au uongo wake. Ikiwa baada ya "by" kuna kitu kisicho na nyumba, kama maneno, tangazo, sura njema au ujumbe wa simu, hapana shaka ni kudanganywa, kwa sababu tangazo haliwezi kumlaza mtu nyumbani mwake. Shida inakuja ikiwa baada ya "by" kuna mtu. Mtu anaweza kukupa kitanda, na mtu anaweza kukuibia. "My father was taken in by an old man." Sentensi hii ina milango miwili, na msomaji atapita ule ulio karibu naye. Mimi usiku ule, kwa baridi na usingizi, nilipita ule mbaya.

Dawa yake ni nyepesi. Kwanza, acheni hali ya kutendwa, mtieni mtendaji mbele: "An old man took my father in." Mtu akisoma hivyo, nyumba humjia kwanza katika fikira. Hata hivyo haijawa salama kabisa, kwa sababu husemwa pia "he took us all in with his stories", yaani alitudanganya sisi sote kwa hadithi zake. Lakini hapo kuna "with" na chombo alichotumia kudanganyia, basi inajulikana. Pili, tajeni nyumba au chakula papo hapo, msingoje sentensi ya tano: "An old man took my father in and gave him a bed." Baada ya hapo hakuna mwalimu, hata awe na usingizi namna gani, atakayeandika upuzi pembeni.

Limebaki jambo moja la sarufi ambalo wanafunzi hulikosea kila muhula. Ukiwa na jina, unaweza kuliweka kati au mwisho: "took in the child" au "took the child in". Yote mawili ni sawa. Lakini ukiwa na "him", "her", "it" au "them", lazima neno hilo likae katikati: "took him in". Usiseme kamwe "took in him". Wengi huona ya kuwa hii ni sheria ngumu ya Waingereza. Mimi huwaambia watazame Kiswahili chao. Tunasema "alipokea mtoto", na mtoto yuko nje ya kitenzi. Tukiacha kumtaja kwa jina tunasema "alimpokea", na lile "m" limekwenda kukaa ndani kabisa, katikati ya kitenzi, mahali ambapo jina zima lisingeweza kuenea. Kiingereza kinafanya jambo lenye kufanana na hilo. Kijineno kifupi kinaingia katikati, "took him in". Tangu nilipoanza kulifundisha kwa njia hii, makosa yamepungua katika madaftari, ingawa hayakuisha.

Kijana aliandika insha upya. Sentensi ya kwanza ikawa: "In 1993 an old man of Kibondo took my father in, fed him, and called him his son." Ilikuwa moja ya zile tatu zilizosomwa.

Siku ya wazazi mzee alikuja mapema, na kofia yake na fimbo, akaketi mstari wa mbele kama nilivyosema. Kijana akasoma. Mgeni wetu wa heshima akageuka kumtazama mzee, akapiga makofi, na watu wote wakafuata. Mzee naye akapiga makofi, ingawa hakujua anampigia nani. Baada ya mkutano nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu amesema nini pale mbele, hata watu wakanitazama?"

Nikamweleza ya kuwa kijana amesema juu ya mwaka ule, jinsi alivyompokea baba yake.

Mzee akafikiri kidogo. "Kumpokea? Sikumpokea. Mvua ilikuwa inanyesha, mtoto amesimama chini ya mgomba. Nikamwambia, ingia."

Nilirudi nyumbani nikaandika neno hilo katika daftari langu la masomo, kwenye ukurasa wa "take in", juu ya maelezo yote niliyokuwa nimekwisha kuyaandika.

Kwa wanaotaka kujipima, naacha sentensi nne. Zigeuzeni kwa Kiswahili kizuri, bila kutumia "chukua" hata mara moja: "The fish seller's smile did not take her in." "We took the maize in before the storm." "He read the letter three times but could not take it in." Na ya nne: "The two girls were taken in by a woman near the market." Hiyo ya mwisho mwandike Kiswahili chake mara mbili, kwa kila mlango, kisha mniandikie kwa Kiingereza jinsi mtakavyoitengeneza ili yule mama wa sokoni asisingiziwe. Majibu yaletwe ofisini kwangu kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili ya muhula. Nitayasahihisha mchana.